Usifanye Mama Gridi

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa mwezi wa sita, siku chipu zao za kompyuta ziliporudi kutoka kiwandani. Ziliwekwa mezani, zikapewa umeme, zikaamka, watu wakapiga makofi. Kisha zikapewa kazi, zikazimia. Zikaamshwa tena, zikapewa kazi nyepesi, zikaenda vizuri. Zikapewa nzito, zikazimia. Wakashinda hapo wakiziamsha na kuzizimisha, na kufikia jioni ofisi nzima ilikuwa imeshapata mtu wa kumtupia lawama. Mtu huyo alikuwa mke wangu.

Mimi sikuwepo. Mimi ni fundi makochi, nafanyia kazi kwenye kibanda kilichoshikana na nyumba yangu, na siku hiyo nilikuwa na misumari mdomoni. Nilijua kuna jambo kwa sababu alipita bila utani. Kila siku akitoka kazini alikuwa anasimama mlangoni pa kibanda na kuniuliza, "Fundi, kochi la bosi limeisha?" Nami namjibu, "Bosi ndiye wewe, ingia ukae ulijaribu." Siku hiyo alipita moja kwa moja mpaka ndani, nikamkuta ameketi kwenye kochi letu, kitambulisho cha kazini bado kinaning'inia shingoni.

"Boksi limelazwa," akasema.

Nikatema misumari kiganjani. Nikamwuliza limelazwa na nani.

"Wanasema mimi."

Sasa, ili mtu aelewe uzito wa maneno hayo, inabidi nirudi nyuma kidogo. Na kurudi huko ndiko ninakopenda, kwa sababu huko bado yupo.

Nilimfahamu kwa kiti. Alikuwa anasoma chuo cha ufundi, anachora michoro ya umeme, na kiti chake cha kusomea kilikuwa kimebonyea mpaka ukikikalia magoti yanakuja kifuani. Akakileta. Alipofika alikuta nimepindua kochi la mtu juu chini, nafunga mikanda mipya chini yake. Wengi hawajui kochi lina nini tumboni. Lina mikanda. Mingine inakwenda wima, mingine mlalo, inapishana kama mkeka, na kila inapopishana unaibana ili uzito wa mtu ugawanyike. Yeye alisimama pale na kiti chake mkononi, akaacha kabisa kunieleza shida yake.

"Hii ni gridi," akasema.

Nikamwambia hii ni mikanda, dada. Akacheka. Akasema hata darasani kwao wanaiita mikanda wakichoka. Nilikitengeneza kile kiti taratibu kuliko kiti chochote nilichowahi kukishika, akawa anakuja kukiulizia, na kila akija nakuta kasoro mpya. Ndugu zake waliposikia anaolewa na mtu aliyeacha shule darasa la saba, shemeji yangu mmoja akasema, msomi wetu amekwenda kukalia sponji. Mke wangu akamjibu kwamba heri sponji, mbao amezikalia vya kutosha kwao. Tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa na utani huo, tukazeeka nao.

Ofisini walimwita Mama Gridi. Kazi yake ilikuwa kupeleka umeme. Chipu, mimi ninavyoielewa kwa maelezo yake, ni kochi dogo kuliko ukucha. Lina tabaka juu ya tabaka. Kwenye tabaka moja kuna mistari ya umeme inayokwenda wima, kwenye tabaka la juu yake inakwenda mlalo, na inapopishana wanaweka kitu cha kuiunganisha kutoka juu kwenda chini. Kina jina lake huko kwao, lakini nyumbani kwetu tulikiita mshono. Mistari yote hiyo na mishono yake ndiyo gridi. Pasipo na mshono, umeme unapita juu kwa juu na aliye chini hapati kitu.

Halafu kuna boksi gumu. Hapo ndipo alipokuwa anasimama kabisa akieleza, mikono hewani. Boksi gumu ni kipande kilichotengenezwa na watu wengine mahali pengine, kinakuja kimeshafungwa. Huruhusiwi kukifungua, huruhusiwi kukipunguza hata kidogo.

"Ni mgeni mkaidi," alikuwa anasema. "Huwezi kumbadilisha. Unamtafutia pa kukaa, unamwangalia mdomo wake uko wapi, unamletea umeme hapo hapo mdomoni."

Boksi lililoleta balaa lilikuwa la kumbukumbu, mahali chipu inapoweka mambo yake isiyasahau. Mgongoni lilikuwa na mistari ya kupokelea umeme, yote imesimama wima. Gridi ya juu yake ilikuwa ya mlalo. Zinapishana, unashona, mgeni anakula.

Nilimwuliza siku moja, na je, ukiligeuza? Swali la mtu asiyejua. Akaona ndiyo siku ya kunifundisha. Akavuta mto mmoja wa kochi letu, lile lenye kitambaa cha mistari ya kahawia nililomtengenezea tulipohamia, akaulaza mezani mistari ikiwa imesimama. Akachukua futi yangu ya kupimia, akaitandika juu yake kwa mlalo.

"Futi inagusa mistari mingapi?"

"Yote."

Akaugeuza mto kulia kwenda kushoto, kama unavyojiona kwenye kioo. Futi bado inagusa yote. "Huku ndiko kugeuza," akasema. "Geuza unavyotaka, mgeni anakula." Kisha akaushika mto akauzungusha robo, mistari ikalala sambamba na futi. Futi ikaangukia katikati ya mistari miwili. "Na huku ni kulaza. Sasa inagusa mingapi?"

"Hakuna."

"Basi. Hapo mgeni anakufa njaa na sahani iko juu ya kichwa chake."

Tulicheka. Mto ule sikuurudisha vizuri, ukakaa na mistari yake imelala wakati mingine yote imesimama, na yeye kila akipita alikuwa anaunyooshea kidole: "Mwamshe yule." Ikawa lugha yetu. Nikichelewa kitandani ananiambia nimelazwa. Akinipa mgongo usiku namwambia amegeuzwa, ila haijalishi, mishono ipo. Sijui kama wenye vyeo wanaongea hivyo majumbani mwao. Nadhani wanaongea mikutano.

Basi likaja neno hilo kwa upande wake mwingine. Figo zake zilianza kumsumbua wakati ule ule chipu inakaribia kufungwa. Kufunga ni siku ya mwisho, mchoro unapelekwa kiwandani na hakuna kugusa tena. Mkuu wao, mtu mmoja wa sauti nene aliyependa kutembea na simu sikioni, alikuwa ameshaahidi tarehe kwa wakubwa wake. Siku zile mke wangu alikuwa anafika nyumbani miguu imevimba, nailoweka kwenye maji ya chumvi, huku ananieleza boksi la kumbukumbu limekaa vizuri, limesimama, ameshona pande zote, bado kona moja. Asubuhi moja hakuweza kuvaa viatu. Nikampeleka hospitali, wakamlaza.

Chipu ikafungwa yeye akiwa wodini. Alipotoka, mchoro ulikuwa umeshakwenda. Alisikitika kidogo hakuwepo, kama mama aliyekosa harusi ya mwanawe, lakini alifurahi. Miezi ile ya kungoja kiwanda ndiyo niliyomwona na raha mara ya mwisho. Alikuwa anakuja kibandani anakaa juu ya marobota ya sponji, ananisimulia chipu itakavyokuwa inawaka, nami nashona, redio iko chini chini. Hatukuwa tunafanya kitu chochote cha maana. Ningeulizwa nirudishiwe siku zipi, ningeomba hizo, zile za kutofanya kitu.

Kisha ikaja Jumanne.

Walipofungua mchoro kutafuta ugonjwa, wakakuta boksi limelala ubavu. Mistari yake sambamba na ya gridi, mishono michache tu pembeni iliyogusa kwa bahati. Ndiyo maana chipu ilikuwa inaamka. Ukiipa kazi nzito, kumbukumbu inadai umeme, umeme haufiki, inazimia. Kompyuta ilikuwa imelalamika kabla ya kufunga, ikapiga alama nyekundu, lakini ikaamriwa inyamaze. Wanasema maboksi magumu huwa yanapigiwa nyekundu hata yakiwa mazima, kwa hiyo siku ya mwisho watu huzinyamazisha zote wakaenda nyumbani. Nani aliamuru? Wenye haraka. Siku zote ni wenye haraka, na wenye haraka siku zote ni wenye vyeo.

Kwenye mkutano Mkuu akasema boksi lile lilikuwa kwenye eneo la Mama Gridi, kompyuta ni yake, jina ni lake, basi aliliacha hivyo alipokwenda kuugua. Mke wangu akasema aliliacha limesimama. Alisema mara moja tu, kwa alivyoniambia. Hakuwa mtu wa kurudia. Wakamwangalia kwa huruma, ile huruma ya kumwangalia mgonjwa anayesahau. Hilo ndilo lililomchoma. Angeambiwa mzembe, angegomba. Kuambiwa kwa macho kwamba ugonjwa umemla akili, pale hakupata pa kushika.

Wakamtoa kwenye gridi. Wakamhamishia kwenye meza iliyo karibu na mashine ya kuchapishia, wakampa kazi ya kuandaa mazoezi ya wafanyakazi wapya. Akawa anafundisha wengine kazi ambayo yeye haruhusiwi tena kuifanya. Hakukaa sana. Akalazwa tena, na safari hiyo hakuamka. Daktari aliandika figo. Mimi nasema Mkuu, na sijawahi kubadilisha.

Mtu mmoja tu kutoka ofisini alikuwa anakuja wodini bila kutumwa. Kijana wa wakati ule, tulimwita Miwani kwa sababu ya vioo vyake vinene kama vitako vya chupa. Alikuwa anakaa meza ya jirani na mke wangu. Anakuja na matunda, anakaa kwenye benchi, haongei. Mke wangu anamtania kwamba amekuja kumwona mgonjwa au kuangalia ukuta. Siku ya mazishi alibeba jeneza mbele kabisa, na alilia kuliko ndugu. Nilimpenda kwa hilo. Nilisema angalau mmoja kati yao ana moyo.

Binti yetu alikuja kuingia kazi hiyo hiyo ya mama yake. Sikumtuma, na sikumzuia. Ofisi nyingine kabisa, watu wengine. Wiki ya kwanza alirudi nyumbani, akavua viatu, akaanza kukunja nguo nilizoanua, akawa anakunja na kukunjua shati moja. Nikamwuliza kazi ikoje. Akasema nzuri. Nikamwambia hilo shati litachanika. Ndipo akaniambia kwamba anayemfundisha alikuwa nyuma yake anamwangalia akiweka boksi, akamgusa bega akamwambia, "Angalia usifanye Mama Gridi."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwuliza maana yake. Akacheka, akasema ni kulilaza boksi likafa njaa. Wote wanasema hivyo, baba. Hata hawajui kama alikuwa mtu."

Watu huhama ofisi, wanahama na maneno yao. Jina lile lilikuwa limeshatembea mji mzima, limekuwa kitenzi. Mke wangu aliyekuwa anawasahihisha watu geuza ni geuza na laza ni laza, yeye ndiye amefanywa jina la kosa. Binti hakuwaambia ni mama yake. Alisema aliona aibu, kisha akaona aibu kwa kuona aibu. Nilikwenda kibandani nikapiga misumari kwenye mbao isiyohitaji misumari.

Kwa hiyo ile ofisi yao ya zamani iliponipigia simu, miaka imepita, kuniambia wamehamia jengo jipya na wanataka chumba kimoja cha mikutano kipewe jina la Mama Gridi, nije nifunue kibao, nilitaka kuwaambia wakiite jina la mama zao. Binti akanishika mkono. Akaniambia niende, nivae koti, nipokee heshima, yaishe. Nikamwambia yataisha siku wakisema hakulilaza yeye. Akasema, "Baba, nani atasema hivyo leo?" Yeye mwenyewe hakupata ruhusa kazini. Nikaenda peke yangu.

Jengo ni la vioo vitupu. Getini mlinzi akanipa kitambulisho cha mgeni, nikakivaa shingoni, nikakumbuka kile kingine. Chumba chenyewe kina meza ndefu na viti vya kuzunguka. Nilivibonyeza kabla ya kukaa, desturi ya kazi, sponji ya hovyo, mwaka hauishi vitabonyea. Kulikuwa na soda na biskuti, vijana wengi nisiowajua, na mlangoni kibao kimefunikwa kitambaa cha buluu ambacho hakikupigwa pasi. Miwani alikuwepo, nywele zimeanza kuingia mvi, vioo vile vile. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Na Mkuu alikuwepo, amestaafu, amealikwa kama mgeni wa heshima. Sauti ilikuwa imepungua unene. Akaniita mzee mwenzangu.

Nilifunua kibao, wakapiga makofi. Herufi nzuri, sikatai. Kisha Mkuu akasimama kuhutubia, na kwa mtu aliyezoea kuhutubia, soda moja inatosha. Akawaambia vijana Mama Gridi alikuwa mtu wa mishono, mtu wa utani, hakuna aliyejua gridi kama yeye. Nikaanza kulainika, nasema ukweli, kwa sababu yote hayo yalikuwa kweli. Kisha akataka kuwachekesha.

Akasema zamani hatukuwa na utaratibu kama nyinyi, kila kitu ilikuwa kuamrishana kwa mdomo. "Mnaijua ile chipu iliyozimia? Ile ilizimia kwa sababu ya Kiswahili. Siku ya kufunga, niko njiani kwenda kwa wakubwa, naambiwa mlango wa boksi la kumbukumbu, pale nyaya zinapoingia, umeangalia nje, nyaya zinakuwa ndefu. Nikapiga simu ofisini, nikasema boksi ligeuzwe, tufunge. Nilisema geuza. Sikusema laza. Mtu akasikia anavyosikia yeye." Vijana wakacheka. Akaongeza kwamba ndipo ikatungwa sheria yao, geuza ni geuza, laza ni laza, na ndiyo maana mpaka leo tunaambiana usifanye…

Hapo akasita, akaniona.

Mimi sikuwa nimekasirika bado. Nilikuwa bado narudi nyuma kwenye maneno yake, polepole, kama mtu anayefumua mshono atazame nyuzi. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mkuu, siku ya kufunga boksi lilikuwa bado limesimama?"

"Ndiyo, lilikuwa limesimama, ila mlango…"

"Siku ya kufunga mke wangu alikuwa wodini. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika beseni."

Kicheko kilichokuwa kimebaki kwenye kona kikaisha. Mkuu aliangalia chupa yake ya soda. Nilitegemea abishe, na laiti angebisha, kwa sababu nilikuwa na miaka ya maneno nimeyaweka akiba. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu anayehesabu kitu kwa mara ya kwanza. Sijui kama alikuwa anaigiza. Wakubwa wanajua kuigiza.

"Nilipiga simu ya meza yake," akasema taratibu. "Siku zote nilikuwa napiga simu ya meza yake."

"Alipokea nani?"

"Alipokea mtu. Nilisema ligeuzwe, akajibu sawa, nikakata. Sikuuliza ni nani, mzee mwenzangu. Nilikuwa na haraka."

Msichana mmoja mwenye kompyuta mapajani, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akasema kwa sauti ya chini, si kwa mtu yeyote, "Kwa hiyo sio yeye?" Wote walikuwa wamesikia. Hiyo ndiyo heshima niliyokuwa nimeivalia koti. Ilikuja hivyo, bila makofi, kutoka kwa mtoto ambaye hata kumjua mke wangu hamjui. Nikashukuru kwa soda, nikatoka.

Miwani akanifuata. Tukashuka ngazi pamoja, tukavuka maegesho ya magari. Karibu na geti akasimama.

"Fundi," akasema, "wewe ukiambiwa geuza mto, unaugeuzaje?"

Nikataka kumwambia jibu liko wazi. Nikainua mikono kuonyesha, nikashika mto usiokuwepo, na mikono yangu ikafanya kitu hewani. Hata mimi sikuelewa kama nimeugeuza au nimeuzungusha. Maisha yangu yote nimegeuza mito, na kumbe kila siku mkono umekuwa ukijiamulia. Miwani alikuwa anaiangalia mikono yangu jinsi alivyokuwa anaangalia ukuta ule.

Meza yake ilikuwa ya jirani. Nilijua tangu zamani na sikuwahi kulifikiria. Matunda yale yote. Jeneza mbele kabisa.

"Simu ulipokea wewe?" nikamwuliza.

Akavua miwani, akaipangusa kwa upindo wa shati. Bila vioo macho yake ni madogo, ya kitoto. Akafungua mdomo. Gari likapiga honi nyuma yetu, tukasogea kila mtu upande wake, likapita katikati. Lilipokwisha kupita alikuwa ameshavaa miwani. Akasema nimsalimie binti. Nikarudisha kitambulisho kwa mlinzi.

Njia nzima nilijaribu kumrudisha Mkuu mahali pake. Yeye ndiye aliyeamrisha huku anatembea, yeye ndiye aliyenyamazisha nyekundu, yeye ndiye aliyemsimamisha mgonjwa mkutanoni na kusema jina ni lake. Hayo hayajafutika, na sitamsamehe hata moja. Lakini lile boksi lenyewe, ule mkono wenyewe, sikuweza tena kuuona ni wa Mkuu. Nimemchukia vizuri kwa miaka mingi, chuki safi isiyo na mkunjo. Sasa ina mkunjo. Na huyu mwingine, kama ni yeye, nimchukieje mtu aliyekuwa anammenyea mke wangu machungwa?

Nilimkuta binti amefika kabla yangu, amekaa kwenye kochi la mistari ya kahawia, pembeni ya ule mto. Kitambaa nimeshakibadilisha, lakini nilitafuta mistari ile ile, na mto ule niliushona hivyo hivyo, umelala. Nikamsimulia yote, na kibao, na soda, na sauti ya yule msichana wa mlangoni. Alilia kidogo kisha akacheka, kama mama yake, ambaye naye hakuwa anajua kufanya kimoja kimoja.

Akaushika mto, akauzungusha robo, mistari ikasimama na mingine. Akauangalia. Akaurudisha ulivyokuwa.

"Kesho nitawaambia alikuwa mama yangu," akasema. "Nitawaambia hakulilaza yeye, na waache kusema usifanye Mama Gridi."

Nikamwambia afanye hivyo.

"Lakini wataniuliza, baba. Neno wameshalizoea. Wakiniuliza basi waseme usifanye nani, niwaambie nani?"